Masikio ya Daftari

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo ni ya kweli, walakini yana upande wa pili ambao haukunenwa: mali huweza kupotea ndani ya daftari lenyewe, mbele ya macho ya mwenye mali na ya mwenye kuandika, wala pasiwe na mwizi baina yao. Nilifahamu hayo kwa aibu yangu mwenyewe, katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa wilayani Muleba. Sababu yake ilikuwa kitu kidogo ambacho watu wengi hukigusa kila siku bila ya kukifikiri: vile vipande vyenye maneno vilivyopangwa safu juu ya dirisha la kompyuta, ambavyo ukibofya kimoja, ukurasa wake hutokea na kurasa nyingine zote hufichika nyuma yake.

Wafasiri wa programu wamekiita kitu hiki kichupo. Sina ugomvi na jina hilo, ila karani wa chama kile, mzee aliyeanza kazi ya kuandika kabla mimi sijazaliwa, alilikataa siku ya kwanza. Alisema kichupo kwake ni chombo cha kutilia dawa. Akavuta mtoto wa meza, akatoa daftari kubwa la zamani lenye jalada la kitambaa, akanionyesha vipande vya karatasi ngumu alivyovigandisha kwenye ukingo wa kurasa, kila kimoja kikiwa na jina la kitongoji chake.

“Haya ni masikio,” alisema. “Daftari lisilo na masikio halisikii ukiliita.”

Tangu siku ile mimi nami huyaita masikio, na ndivyo nitakavyoyaita katika habari hii.

Mimi ni mkazi wa mji wa Bukoba, na kazi yangu ni kutunga programu. Chama hicho kiliniomba nikitengenezee programu ya kuandikia mambo ya wanachama wake: majina yao, kilo za maganda walizoleta, bei iliyopatikana mnadani, madeni yao, na fedha waliyolipwa. Maganda ndilo jina letu la kahawa iliyokaushwa juani pamoja na gamba lake. Kompyuta ya chama ilikuwa kuukuu, na mfumo wake wa uendeshaji ulikuwa Linux. Yangu ilikuwa na Windows. Ilinibidi basi nitunge programu moja iwezayo kufanya kazi katika mifumo yote miwili, maana sikutaka kuandika kitu kimoja mara mbili, wala chama hakikuwa na fedha ya kununua mashine nyingine.

Jambo hili la programu moja katika mifumo mingi limewashughulisha watu wengi kabla yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley alianza kuunda vifaa vya kujengea madirisha viitwavyo Tk. Mwaka 1992 Julian Smart, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alianza vile ambavyo leo huitwa wxWidgets. Mwaka 1995 Wanorwe wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walitoa Qt. Haja yao ilikuwa moja, lakini njia zao si moja. wxWidgets huazima viungo vya mashine yenyewe, hata programu ikiwa katika Windows huvaa masikio ya Windows, na ikiwa katika Linux huvaa ya Linux, mfano wa mgeni alaye kwa vyombo vya mwenyeji wake. Qt huchora viungo vyake kwa mkono wake na kuiga sura ya mahali ilipo, mfano wa mgeni ajaye na vyombo vyake ila amevipaka rangi ya nyumba aliyofikia. Tk ilikuwa na njia yake, na katika toleo la 8.5 la mwaka 2007 iliongezewa kiungo maalumu cha kushika kurasa zenye masikio. Waliokiunda walikipa jina la Kiingereza lenye maana ya daftari. Kwa kuwa Tk aghalabu huja pamoja na lugha ya Python niliyoizoea, na haiuzwi, niliichagua.

Kazi ya kujenga masikio haya ni nyepesi kupita kiasi, na huenda ndiko kulikotoka kosa langu. Kwanza hutengenezwa dirisha lililo mama. Ndani yake huwekwa daftari. Kisha hutengenezwa kurasa, kila moja ikiwa kama chumba kitupu, na ndani ya kila chumba mtunzi hupanga visanduku vya kuandikia na vitufe vya kubofya. Mwisho kila ukurasa hukabidhiwa kwa daftari pamoja na jina la sikio lake, kwa mstari mmoja tu wa maandishi. Daftari hujua lenyewe ukurasa upi uonyeshwe na upi ufichwe. Mtu akiona kwamba chumba kipya hupatikana kwa mstari mmoja, hushawishika kujenga vyumba vingi. Mimi nilijenga sita.

Majina yake yalikuwa haya: Majina, Mapokezi, Mauzo, Makato, Malipo, Majumuisho. Nilipoyatazama katika kompyuta yangu mtaani Kashai nilijisifu. Kila neno lilikuwa moja, lililo wazi, na yote yalianza kwa sauti moja kama beti zilizopangwa. Sikufikiri hata kidogo kwamba uzuri ule ulikuwa mtego. Lugha yetu hupenda kuyaweka mambo mengi katika ngeli ya “ma”, na mwenye kuyapanga bila ya kuangalia atajikuta ana watu sita wenye kofia moja.

Nilisafiri kwenda Muleba asubuhi, nikapita Kemondo na Muhutwe, nikafika chamani kabla ya adhuhuri. Programu ilifunguka katika mashine ya Linux bila ya tatizo, nami nikafurahi, kwa maana si kila mara kitu kilichotungwa katika mfumo mmoja hukubali kuamka katika mfumo mwingine. Karani alikaa kitini, akasogeza uso karibu na kioo, akarudi nyuma, akasogeza tena. Akaniambia kwa upole kwamba herufi zilikuwa ndogo kuliko macho yake. Nikazikuza maradufu na zaidi.

Hapo masikio yaliminywa. Sababu yake ni hii: dirisha nililipima kwa nukta za kioo, nikalipa nusu ya kioo kile chembamba, na nusu nyingine nikaiacha kwa orodha ya mizani. Herufi zilipokua, dirisha halikukua. Daftari la Tk, likikosa nafasi ya masikio yake yote, hupunguza upana wa kila sikio kwa kiasi kilicho sawa, na ikiwa bado hayatoshi, yale ya mwisho kuliani hukatwa. Majina marefu yalipoteza mikia. Yaliyo mafupi yalibaki na herufi mbili au tatu. Mauzo likawa “Ma”. Makato likawa “Mak”. Malipo, jirani yake, likawa “Mal”.

Karani aliliona jambo lile kabla yangu. Aliuliza, “Sasa nitayatambuaje?” Nilitazama saa, nikafikiri basi la kurudi Bukoba, nikamjibu maneno ambayo sijayasahau: “Mzee, utazoea.”

Haukupita muda akaja chamani mama mmoja mjane. Sitamtaja jina, ila nasema kwamba kwetu mwanamke wa heshima huitwa Ma, na ndivyo kila mtu pale chamani alivyomwita. Marehemu mumewe alikuwa amekopa chamani shilingi 45,000. Aliikopa fedha hiyo ili asifanye butura, yaani asiuze kahawa ikali mtini kwa mtu mwenye fedha ya papo kwa papo na bei ya kuumiza. Mama huyu alitaka deni la mumewe lisimfuate kaburini. Aliuza ndizi, akakusanya, akaleta shilingi 45,000 taslimu, akapewa stakabadhi. Karani alikusudia kufungua Makato ili alifute deni. Alifungua Malipo. Ukurasa ule ulikuwa na kisanduku cha jina, cha tarehe na cha fedha, sawasawa na ule mwingine, kwa kuwa mimi niliona fahari kuzifanya kurasa zote zifanane. Akaandika jina, akaandika 45,000, akabofya kitufe cha kuhifadhi. Programu ikapokea bila ya kuuliza neno.

Kwa hiyo daftari likawa na habari mbili za uongo. Deni lilibaki halijalipwa. Na tena ikaandikwa kwamba mama yule amekwisha pokea shilingi 45,000 katika fedha ya kahawa yake. Siku ya malipo, maganda yake yalistahili shilingi 210,000. Programu iliondoa 45,000 ya deni, ikaondoa 45,000 ya fedha ambayo ati alikwisha ichukua, ikaonyesha 120,000. Hesabu ya kutoa haikukosea hata senti moja. Na kwa kuwa ukurasa wa Malipo ulionyesha jumla peke yake, na sababu za jumla hiyo zilikuwa zimekaa nyuma ya sikio jingine, karani hakuwa na la kumwonyesha. Mama aliuliza kwa nini fedha imepungua. Karani alimjibu, “Kompyuta ndivyo inavyosema.”

Msomaji asimlaumu karani. Jibu lile nililitunga mimi, yeye alilitamka tu. Mtu akifichwa sababu, hubaki na amri peke yake, na mtumishi mwema aliyenyimwa sababu hugeuka kuwa mjumbe wa amri asiyoielewa.

Mama yule hakupiga kelele. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani. Wakulima wa Kagera wana sababu ya kutunza karatasi. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1950. Wenye umri mkubwa waliona vyama vya ushirika vikivunjwa nchini mwaka 1976, na wakaona sheria ya mwaka 1982 ikivirudisha. Aliyeona chama kikifa na kufufuka hawezi kuiachia kumbukumbu yake mahali pamoja. Karani alipoiona stakabadhi, alinipigia simu jioni ile ile, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumbuliwa mbele ya watu.

Nilirudi Muleba kesho yake. Mama alikuwa ameitwa, naye alikaa kwenye benchi na mjukuu wake. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba kosa si la karani bali ni langu mimi niliyeitunga programu. Alinitazama kwa kitambo, kisha akasema, “Mwanangu, mimi kompyuta siijui. Lakini nionyeshe mahali fedha yangu ilipokwenda.”

Nilimgeuzia kioo ili nimwonyeshe. Nilifungua sikio la Malipo, nikataja namba. Nikafungua sikio la Makato, na namba ya kwanza ikafichika. Akasema hakuiona vizuri ile ya kwanza. Nikarudi, na ya pili ikafichika. Nilikwenda na kurudi mara nne au tano kama mtu anayetafuta ufunguo katika mifuko miwili, mpaka mwisho nikachukua kipande cha karatasi na kalamu, nikaandika namba zote kwa safu moja, ya juu mpaka ya chini, nikapiga mstari, nikatoa. Hapo akaitika, “Eee, sasa nimeona.”

Katika kazi yangu sijapata kufundishwa kwa ufupi kama vile. Kipande cha karatasi cha bure kilikuwa kimeshinda programu niliyoijenga kwa wiki nyingi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikitengeneza kitanda, nikawaachia wengine kulala.

Katika basi la kurudi nilitazama vibanja vya watu kando ya barabara. Asiyeijua nchi yetu akiona kibanja cha Mhaya hudhani hakikupangwa, kwa sababu migomba, mibuni na maharage yamo pamoja katika ardhi moja. Kwa hakika kimepangwa kuliko shamba lenye mistari. Mgomba humpa mbuni kivuli, majani yake hufunika udongo na kuurutubisha, na maharage hupata nafasi yake chini. Vimewekwa pamoja kwa kuwa vinahitajiana. Kilichotengwa ni kile kisichohitajiana navyo: nyasi za rweya ziko mbali, nje ya kibanja. Basi deni la mjane, kahawa yake na malipo yake ni mimea ya kibanja kimoja. Mimi nilikuja na kamba yangu ya kupimia, nikang’oa kila mmea, nikauweka katika uwanja wake wenye ua, kisha nikashangaa kwamba haviwezi kuonana.

Nilianza upya. Nilijiuliza swali moja katika kila ukurasa: je, mwenye kufanya kazi hii atahitaji kuona na jambo jingine kwa wakati mmoja? Kama jibu ni ndiyo, nilivunja ukuta. Masikio sita yakawa matatu: Wanachama, Kahawa, Fedha. Katika Fedha niliweka kahawa inayostahili kulipwa, deni, kilicholipwa na kilichobaki, vyote katika safu moja inayosomeka kutoka juu mpaka chini kama kile kipande cha karatasi, na safu hiyo huchapwa ili mkulima aende nayo nyumbani. Fedha inayotoka kwa mwanachama na fedha inayokwenda kwake zina vitufe viwili vyenye maneno kamili, kwa kuwa niligundua kwamba hata lile neno “malipo” lilikuwa na nyuso mbili: halikusema nani anamlipa nani.

Majina ya masikio niliyachagua yaanze kwa herufi zisizofanana, hata yakiminywa na kubaki herufi moja, W haiwezi kudhaniwa K, wala K kudhaniwa F. Dirisha nililiacha huru likue, nikaliwekea kipimo cha chini ambacho haliruhusiwi kupungua. Tena niliwezesha masikio yafunguliwe kwa vidole: daftari la Tk, likiamriwa, hukubali kupelekwa ukurasa unaofuata kwa vitufe vya Control na Tab, na kurudishwa nyuma ikiongezwa Shift. Jambo hili ni dogo kwa mwenye kipanya kizima, lakini katika ofisi ambamo vumbi la maganda huingia kila mahali, kipanya huugua mara kwa mara. Na kabla ya kuifikisha programu chamani, niliijaribu katika mashine ya Linux ya rafiki yangu, kwa herufi kubwa kabisa na kioo kidogo kabisa. Programu husemwa kuwa ni ya mifumo yote kwa sababu maandishi yake ni yale yale kila mahali. Lakini macho si yale yale kila mahali, wala vioo, wala mikono.

Siyashutumu masikio. Karani aliyagandisha yake kwa hekima: kitongoji kimoja hakihitaji kuonekana pamoja na kingine, na mwenye kutafuta jina hujua atoke wapi aende wapi. Pahali hapo sikio ni rehema, huokoa muda na huyapumzisha macho. Ila yule anayejenga hana budi kukumbuka kwamba kila anapofungua mlango mmoja anafunga mingine, na kwamba kuficha ni kitendo, hata kama kimetendwa kwa mstari mmoja wa maandishi na kwa nia ya kupendezesha. Jambo ambalo mtu ana haki ya kulilinganisha na jingine lisiwekwe nyuma ya ukuta.

Chama kilimlipa mama yule shilingi 90,000 zilizobaki, mbele ya wanachama waliokuwapo siku ya kwanza, kwa sababu aliyeaibishwa hadharani haponi kwa kurudishiwa faraghani. Alizihesabu taratibu. Halafu aliomba aonyeshwe ukurasa mpya, na karani, aliyekuwa amejifunza kuutumia kwa asubuhi moja, alimgeuzia kioo bila ya kuombwa mara mbili. Akamsomea mstari kwa mstari: kilichostahili, deni, siku lilipolipwa, kilichobaki sifuri.

Mama aliufuata kila mstari kwa kidole. Kisha akaichukua karatasi iliyochapwa, akaikunja mara nne, akaifunga katika fundo la kanga pamoja na ile stakabadhi ya kwanza. Nilidhani angeitupa ile ya zamani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha. Hakuitupa, nami sikumwambia kwamba atazoea.